Fundi "Digrii" na mstari ulioruka: Siku ya amplifaya 36 zisizo na sahihi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, amplifaya thelathini na sita zimepangwa juu ya meza mbili ndefu katika karakana inayoziunda. Karatasi ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani ina safu tatu. Ya kwanza, "Imeunganishwa", imejaa alama za vema. Ya pili, "Imelia", imejaa pia. Ya tatu, "Inaruhusiwa kutoka", haina alama hata moja.

Mwanamke anayetakiwa kuijaza safu hiyo amezipa amplifaya mgongo. Anatazama kompyuta. Mbele yake kuna mchoro wenye mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini, na kidole chake kimesimama mwisho wa ule wa chini.

"Mama Digrii, siku hizi unakagua kwa kisogo?" anauliza dereva wa lori, ambaye ameegemea fremu ya mlango akiwa na kikombe cha chai.

"Nakagua zilivyo ndani. Za nje hata wewe unaziona."

"Basi nikapakie?"

"Kapakie chai yako."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Lori lilipangwa kuondoka saa nane mchana kwenda hospitali moja iliyokaa wiki saba bila mfumo wa matangazo. Katika wiki hizo, daktari wa dharura akihitajika wodini, muuguzi alitumwa kumtafuta kwa miguu, korido hadi korido. Mafundi wa kufunga mitambo walikuwa wameshafika huko. Waya ulikuwa umeshatandazwa kwenye dari. Kilichobaki ni amplifaya, na kilichozizuia ni sahihi ya mtu mmoja.

Mtu huyo ana miaka arobaini na saba. Alianza kazi akiwa na kumi na tisa, akizungushia waya transfoma katika kiwanda kidogo, mizunguko mia nane kwa moja, kwa kuhesabu kwa mdomo. Ana cheti cha masomo ya jioni. Chuo kikuu hakukanyaga, na jina la Digrii halikutoka huko. Limetoka kwenye swali ambalo hachoki kuwauliza wenzake kila wanapomletea mchoro: "Zimebaki digrii ngapi?"

"Digrii ninazo nyingi kuliko maprofesa," husema. "Bahati mbaya zangu zote ziko kwenye mchoro."

Mshahara wake ni theluthi moja ya ule wa inginia wa karakana hiyo. Mkataba wake ni wa miezi sita sita, na huu wa sasa ulikuwa umebakiza siku tisa. Anayeamua kama utaongezwa ni mwenye karakana, na ndiye aliyemwahidi mganga mkuu wa hospitali, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba Jumanne haitapita.

Kinachomfanya asite kusaini kina historia. Miaka kumi na moja iliyopita, katika karakana nyingine, alikagua amplifaya sita za ukumbi wa mikutano. Alizipigia muziki kutwa nzima. Zikaimba vizuri, akasaini. Baada ya wiki tatu moja ilianza kufuka moshi na kuunguza kabati la mbao lililoihifadhi. Ukumbi ulikuwa mtupu, hakuna aliyeumia. Ripoti ilisema "hitilafu ya umeme", na kwa wengi mambo yakaishia hapo.

Yeye hayakumwishia. Ilimchukua miezi minne kujua kilichotokea. Alinunua kompyuta iliyotumika, isiyo na herufi M kwenye kibodi, akajifunza programu ya kuigiza saketi, yaani kuchora amplifaya ndani ya kompyuta na kuitazama ikifanya kazi kabla haijachomelewa hata waya mmoja. Mume wake, fundi cherehani, alimtengea kona ya meza ya kukatia vitambaa.

"Nilisaini kwa masikio," anasema. "Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kusikika."

Ugonjwa huo ni rahisi kuueleza kuliko kuukamata. Amplifaya huchukua sehemu ndogo ya sauti inayoitoa na kuirudisha mwanzoni, ili ijilinganishe na kujisahihisha. Mstari wa juu wa mchoro huonyesha nguvu ya masahihisho hayo. Mstari wa chini, wa awamu, huonyesha yamechelewa kiasi gani, na kuchelewa huko hupimwa kwa digrii.

Digrii ana namna yake ya kulieleza jambo hilo. "Mtu anarudisha gari nyuma, mwenzake anamwelekeza: kata kushoto, kata kulia. Maelekezo yakifika kwa wakati, gari linaingia. Yakichelewa kidogo, linayumba. Yakichelewa sana, unaambiwa kata kushoto wakati ulishapita, na huyo huyo anayekusaidia ndiye anayekugongesha ukuta."

Ukuta wenyewe uko kwenye digrii mia na themanini. Masahihisho yakichelewa kufikia hapo huku bado yana nguvu, amplifaya huanza kutetemeka yenyewe, mara mamia ya maelfu kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia elfu ishirini. Muziki unaendelea kulia safi, na chini yake transista, vipande vinavyoukuza umeme wa sauti, zinaungua kimyakimya.

Inginia wa karakana, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye shahada ya daraja la juu, ndiye aliyechora saketi ya hospitali. Mchoro wake ulionyesha awamu ya toa mia moja kumi na nane mahali ambapo nguvu inakwisha. Toa mia na themanini ndiyo ukuta, kwa hiyo zilibaki digrii sitini na mbili. Kwa kazi hiyo, arobaini na tano zinatosha.

Saa tatu kasoro robo, Digrii alimwita.

"Inginia wangu, hii amplifaya umeipa mzigo gani?"

"Spika. Nimeiwakilisha kwa rezista ya omu nane."

"Na waya?"

"Waya gani, mama?"

"Waya wa kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye spika. Au hospitali wanazibeba begani?"

Inginia alitafuta ramani ya jengo. Kutoka chumba cha mitambo hadi wodi ya mbali zaidi, wodi ya uzazi, kulikuwa na mita mia moja na themanini. Waya mrefu kiasi hicho, wenye nyuzi mbili zinazolala sambamba, hufanya kazi ya kapasita: huhifadhi umeme kidogo na kuuachia baadaye. Maana yake unachelewesha masahihisho. Ndani ya kompyuta waya huo haukuwepo.

"Uweke," Digrii alisema. "Kisha tusome tena."

Matokeo yalitoka saa nne na dakika arobaini. Inginia aliyasoma mara mbili, kisha akaegemea kiti na kucheka kwa ahueni.

"Jumlisha mia sabini na moja! Mama, tumepona. Kutoka hapo mpaka toa mia na themanini ni digrii mia tatu hamsini na moja. Waya umetusaidia."

Digrii hakucheka. Alivuta kiti karibu.

"Hakuna amplifaya duniani yenye akiba ya digrii mia tatu hamsini na moja," alisema. "Hata ile ambayo haijazaliwa."

Mwenye karakana alikuwa ameshaingia. Ni mtu mfupi, mwepesi wa miguu, na hupenda kusikia jibu kabla ya maelezo.

"Kompyuta imesema salama?"

"Imesema salama, bosi," alijibu inginia.

"Kompyuta haijasema kitu," alisema Digrii. "Imechora tu. Anayesema ni Inginia."

"Mama, hebu tusigeuze jambo hili kuwa kesi," alisema mwenye karakana.

Alichokiona Digrii kilikuwa upande wa kulia wa mchoro. Mstari wa awamu ulikuwa ukiteremka taratibu, ukafika chini kabisa ya karatasi, kwenye toa mia na themanini, halafu ghafla ukaruka wima hadi juu kabisa na kuendelea kuteremka kutoka huko. Inginia aliuona mruko huo kama kupona. Kwa Digrii, karatasi ilikuwa imeisha tu, na programu ikaendelea kuchora kutoka juu.

Alielekeza kidole kwenye saa ya ukutani. "Mshale ukitoka kumi na mbili ukaingia moja, utasema muda umerudi nyuma saa kumi na moja? Si umesonga mbele? Huu mstari nao umesonga mbele. Ondoa mzunguko mmoja mzima, digrii mia tatu na sitini, na hiyo jumlisha mia sabini na moja ni toa mia themanini na tisa. Ukuta tumeupita kwa digrii tisa."

"Programu ingetoa onyo," alisema inginia.

"Uliiomba?"

Inginia alisema, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika: "Mimi nimesomea hii kitu miaka minne."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nataka uisome wewe, siyo mimi."

Mwenye karakana alitazama saa ileile. "Saa nane lori linatoka. Hiyo karatasi itakuwa na sahihi yako au sahihi ya mtu mwingine. Na mtu mwingine huyo ndiye nitakayempa mkataba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi. Nipe amplifaya moja niijaribu na mzigo wa waya."

"Waya wote uko hospitali."

"Sihitaji waya. Nahitaji kapasita ya ukubwa uleule."

Saa sita kasoro dakika tano simu ya Digrii ililia. Alikuwa mume wake, ambaye asubuhi hiyo alikuwa akikata sare za shule.

"Umesaini?"

"Bado."

"Watakufukuza?"

"Huenda."

Upande wa pili ulisikika mkasi ukiwekwa mezani. "Basi usikimbizwe. Mimi nikikosea suruali naifumua nashona upya. Yako haifumuki." Kisha akaongeza: "Lakini kama wanakufukuza, wakufukuze kabla ya jioni, kuna vifungo mia mbili hapa vinakusubiri."

Saa sita na dakika kumi, amplifaya namba saba iliwekwa peke yake mezani. Digrii aliunganisha waya wa majaribio, na kwenye ncha yake akafunga kapasita isiyozidi punje ya dengu, yenye thamani ya mita mia moja na themanini za waya. Kipimajoto kilibanwa kwenye bati la kupozea transista. Kilisoma nyuzi joto thelathini na moja.

Muziki ukawashwa. Watu wanne walisimama kuizunguka meza: Digrii, inginia, mwenye karakana na dereva, aliyekuwa ameacha kutania.

Dakika ya pili, thelathini na mbili. Dakika ya tano, thelathini na tatu. Dakika ya kumi, thelathini na nne. Kwenye kioo cha skopu, kifaa kinachochora umeme, wimbi lilikuwa jembamba na safi kama uzi.

Dakika ya kumi na tano, bado thelathini na nne.

"Mama," alisema mwenye karakana. Hakupandisha sauti. Alitoa kalamu mfukoni, akaifungua kifuniko, akamkabidhi. "Umeomba, nimekupa. Sasa na wewe nipe."

Inginia alikuwa akitazama sakafu. Digrii alishika kalamu. Anakiri kwamba kwa wakati huo hakuwa na hoja yoyote. Mchoro ulisema hivi, meza ikasema vile, na katika kazi yake meza ndiyo hushinda.

"Nilijiambia, labda nimezeeka," anasema. "Labda ule moto wa zamani unanichanganya mpaka leo."

Alikwenda hadi kwenye karatasi, akaiweka kalamu kwenye mstari wa kwanza, kisha akageuka kuitazama amplifaya namba saba mara ya mwisho. Hapo ndipo alipouona waya wa majaribio.

Waya huo ulikuwa wa mita tano. Kwa kuwa meza ni fupi, mtu fulani aliukunja mizunguko kumi na kuufunga kwa mpira ili usizagae. Ulikuwa umekaa hivyo kwa miaka, na kila aliyefanya kazi hapo alishautumia. Lakini waya uliokunjwa mizunguko kumi si waya mnyoofu. Ni koili. Koili huzuia mitetemo ya kasi isipite. Ilisimama kati ya amplifaya na ile kapasita kama bawabu mlangoni, na mzigo wa waya wa hospitali haukuwahi kufika.

Kila amplifaya iliyojaribiwa kwenye meza hiyo ilijaribiwa ikiwa na ulinzi ambao haikuwa nao ilipotoka mlangoni.

Alirudisha kalamu. "Dakika tatu, bosi. Tatu tu."

Aliutoa waya, akaikata miguu ya kapasita iwe mifupi, akaifunga moja kwa moja kwenye tundu za kutokea sauti. Akawasha.

Muziki uliendelea kama kwanza. Hakuna mlio, hakuna mkwaruzo. Lakini kwenye skopu uzi mwembamba ulikuwa umenenepa ukawa utepe.

Thelathini na nne. Arobaini na nane. Sitini na saba.

"Mbona inaimba vizuri?" dereva alinong'ona.

"Ndivyo inavyofanya," alisema Digrii.

Themanini na tatu. Inginia aliinama kwenye skopu, akahesabu visanduku vya kioo, akahesabu tena. "Mitetemo laki tisa na elfu ishirini kwa sekunde," alisema. Kisha, bila kuombwa, akaenda kwenye kompyuta na kusoma mahali mstari ulipoukata ukuta. "Mchoro ulisema laki tisa na elfu arobaini."

Tisini na mbili. Harufu ya rangi inayoungua ilianza kusikika. Digrii alizima.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na nane. Mwenye karakana aliinyoosha mikono yake juu ya bati lile bila kuligusa, akahisi joto, akairudisha.

"Zote thelathini na sita ziko hivi?"

"Zimetoka kwenye mchoro mmoja," alisema inginia. "Mchoro wangu."

"Sijauliza wa nani. Nauliza dawa."

Dawa ilikuwa imeshalala mezani, imefungwa kwa mpira. Digrii alichukua kipande cha waya wa shaba, akauzungushia kwenye kalamu nene ya wino mizunguko kumi na miwili, akauvua. Koili hiyo, pamoja na rezista moja pembeni yake, ingekaa ndani ya kila amplifaya, kati ya saketi na tundu za kutokea. Ulinzi ule ule, safari hii ukisafiri na mwenye kuuhitaji.

Lakini hakuchomelea chochote. Alimwambia inginia aiweke kwanza kwenye kompyuta.

Mistari miwili ilichorwa upya. Inginia aliutazama wa chini kwa muda mrefu, akaufuata kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hauruki," alisema.

"Zimebaki digrii ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Una uhakika si mia tatu na kitu?"

Inginia alicheka, mara ya kwanza tangu saa nne. "Hamsini na moja, mama. Nimehesabu hatua kwa hatua."

Saa saba na dakika arobaini, amplifaya namba saba, ikiwa na koili mpya na kapasita ile ile tunduni, ilikuwa imelia dakika ishirini. Kipimajoto kilisoma thelathini na nane.

Mwenye karakana alimpigia mganga mkuu. Wanaomfahamu wanasema ni nadra kumsikia akiomba. Aliomba aongezewe saa tatu. Alipokata simu alikunja mikono ya shati na kuuliza ni mizunguko mingapi.

Walizungusha waya watu wanne, dereva akiwemo, ambaye koili zake tano za kwanza zilikataliwa kwa kuwa na mizunguko kumi na mitatu. "Nimewazidishia moja, na bado mnalalamika," alisema. Digrii alipima kila amplifaya kwa dakika kumi, na alisaini ile tu aliyoipima. Mwenye karakana alimwomba asaini zilizobaki kwa kuwa zimetoka kwenye mchoro mmoja. Alimjibu kwamba hata asubuhi zilikuwa zimetoka kwenye mchoro mmoja.

Saa kumi na moja na dakika nne lori liliondoka na amplifaya kumi na tisa: za dharura, za upasuaji na za uzazi. Kumi na saba zilibaki mezani. Ya thelathini na sita ilisainiwa Alhamisi.

Hadi mwisho wa wiki mkataba wake ulikuwa haujasainiwa. Mwenye karakana alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Digrii hakwenda kuuliza.

Alichoomba ni kitu kingine. Anataka karatasi ya ukaguzi iongezwe safu ya nne, ya urefu wa waya, na mchoro wowote usipokelewe kabla safu hiyo haijajazwa. Anataka pia kufanya mtihani wa ufundi wa ngazi ya juu mwakani. Ada ameanza kuiweka kidogo kidogo, na inginia amejitolea kumfundisha hesabu zake kila Jumamosi. Kwa malipo, anasema inginia, atafundishwa kusoma mistari.

Waya wa majaribio wa mita tano ulikatwa ukabaki nusu mita.

Jumatano, siku moja tu baada ya lori kuondoka, saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa hospitali alipiga simu kutoka chumba cha mitambo. Amplifaya ya wodi ya uzazi, ikiwa na mita zake zote mia moja na themanini za waya, ilikuwa imewashwa usiku kucha. Bati lake lilisoma nyuzi joto thelathini na tisa.

Saa tatu na dakika tano, tangazo la kwanza lilisikika kwenye korido za dharura, upasuaji na uzazi. Lilimwita daktari wa zamu, wodi ya uzazi. Daktari alifika baada ya dakika mbili.